Viatu vya Kujaribia Pikipiki

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Hata sokoni alikwenda nayo. Alikuwa fundi cherehani, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, na sheria yake moja kila mteja aliijua: anayekuja kujaribu gauni aje na viatu atakavyolivalia. Aliyekuja na ndala alirudishwa nyumbani bila kuonewa haya, awe bibi harusi au mama mkwe wake.

Siku hiyo ulimi haukumsaidia kitu. Alisimama katikati ya duka la pikipiki, moyo ukimwenda mbio. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele. Mguu huo ulikuwa dhaifu tangu azaliwe. Miaka yote mama alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi, lakini mtoto habaki mdogo, na mwaka huu mgongo ulikuwa umesalimu amri. Ndipo likaja wazo la pikipiki. Alijifunza kuendesha kwa ile ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, kwenye kiwanja kitupu. Kwenda hakukumtisha. Kusimama ndiko kulikomnyima usingizi. Mtu mwingine pikipiki ikianguka ataruka pembeni. Binti yake angerukia mguu gani?

Shemeji, aliyemsindikiza dukani, alikwishamchagulia: nyekundu, ndefu, tangi limetuna. Ile ndogo ya kijivu pale pembeni hakutaka hata kuiangalia. Watu wangemcheka Mama Futi, alisema, wangedhani kamnyang'anya mtoto kitu chake cha kuchezea. Mama Futi akapanda ile nyekundu. Miguu ikagusa sakafu. Muuzaji akasifu, shemeji akatabasamu kana kwamba kaiunda yeye, naye Mama Futi akaona aibu kusema kwamba bado anaogopa. Akasema sawa, ataichukua.

Wakati wa kushuka akateleza kidogo, akatazama chini kuona alichokanyaga. Akaviona viatu vyake: vya soli nene, vya kwendea harusini, alivyovaa asubuhi ili muuzaji asimdharau. Njia ya shule siku zote aliipita na raba zilizolika visigino. Yeye huyu, aliyewarudisha mabibi harusi mlangoni!

Akavivua, akapanda tena miguu mitupu. Ncha za vidole tu ndizo zilizogusa sakafu. Pikipiki ikaanza kulala upande, muuzaji akaiwahi.

"Utazoea tu, shemeji," alisema shemeji yake.

"Wakati mimi nazoea, mtoto atakuwa wapi?"

Mama Futi akaiendea ile ya kijivu, akakaa, na nyayo zote mbili zikatua chini. Akaomba binti yake apakiwe nyuma. Shemeji akambeba mtoto bila ubishi, akampandisha. Pikipiki ikayumba kushoto, upande ule ule wa mguu dhaifu, na miguu ya mama ikaizuia.

Mtoto akaegemeza shavu mgongoni, pale pale alipozoea kuliweka.

"Mama, moyo wako unapiga sana."

"Najua," alisema Mama Futi. "Usiniachie."