Ndugu yangu aliziba masikio, ukoo ukasema ameogopa kisu

Jina langu lifiche tafadhali, maana ukoo wetu unasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na minane, dereva wa lori, mzaliwa wa Ruiri. Shule niliachia darasa la sita, lakini nimelala Kampala, nimekula Kigali, na maaskari wa barabara ya Embu karibu wote wananiita mkwe. Kwa maneno hakuna aliyewahi kuniweza. Leo nimeishiwa.

Mdogo wangu, nitamwita Mwenda, tangu utotoni haviwezi vishindo. Mlango ukibamizwa anaziba masikio na kuyumbayumba. Anaongea kidogo, hakuangalii usoni, lakini anaelewa kila kitu na kwa jembe ananishinda.

Siku yake ya kutahiriwa wanaume walianza kuimba na kupuliza filimbi, Mwenda akaziba masikio, akakimbilia mahindini. Wakacheka, wakasema ameogopa kisu. Baadaye nikampeleka zahanati, mahali pametulia. Sindano ya ganzi aliikataa. Alikatwa nikiwa nimemshika bega, hata kope haikucheza. Wazee hawakutaka kusikia.

Sasa baba amefariki na shamba linagawanywa. Baba mdogo ndiye anaongoza ukoo. Akasema, "Aliyekimbia kisu ni mtoto mpaka kufa, na mtoto hapewi ardhi. Atakaa kwako achunge mbuzi. Si wewe una pesa za Kampala?"

Nikamwambia, "Baba, huyu amekatwa bila ganzi. Wewe ulipong'olewa jino tulikusikia mpaka barabarani."

Walicheka, hata yeye. Kisha akaweka sharti. Jumamosi Mwenda akae katikati ya mkutano, nyimbo za siku ile ziimbwe, filimbi zipulizwe. Asipoziba masikio, anapata shamba. Akiziba, sehemu yake inauzwa.

Mwenda akasema, "Nitakaa."

Tangu hapo anaenda kwa mashine ya kusaga unga, anasimama karibu na injini, mikono mfukoni. Jana nilimfuata. Alikuwa anatetemeka, ameuma mdomo mpaka damu inashuka kidevuni, na akina mama waliopanga foleni na mahindi wanamcheka. Nikamshika mkono, "Twende nyumbani, ndugu yangu."

"Bado," akaniambia, akabaki pale pale.

Wasomaji wenzangu, nikimzuia, mimi ndiye nitakuwa nimemnyang'anya shamba. Nikimwacha aende, wataniharibia mtu mbele ya macho yangu. Mngekuwa mimi, mngefanya nini? Nijibuni kabla ya Jumamosi.