Viatu vya Mamba kwenye Josho la Mrututu

Désiré hakutembea kama watu. Watu hutembea ili wafike. Désiré alitembea ili viatu vyake vionekane. Alikuwa na jozi moja ya ngozi ya mamba, ya kahawia, aliyoipata kwa Serge wa duka la simu baada ya kujinyima nyama mpaka akasahau inatafunwaje. Aliing'arisha hivi kwamba siku moja njiwa wa mjini alijiona humo, akadhani kakutana na mgoni wake, akapigana na kidole gumba cha Désiré barabara nzima. Asiyeamini akamuulize njiwa.

"Kwetu Lubumbashi," Désiré alikuwa akisema, "mwanaume bila viatu iko kama nyumba bila mlango. Iko wima, lakini nani ataingia?"

Jumapili akienda kanisani alivuta suruali juu kidogo, ili soksi nazo zisalimie watu.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu na mizaha yake, alipewa kazi ya kulinda geti la matope. Baada ya miaka ya ugenini, ya kulinda magari ya wenyewe maegeshoni na kuyapungia mkono kule Morningside, mtaa wa matajiri, alipata sare, kibanda na bosi mwenye ofisi, katika hifadhi ndogo ya wanyama upande wa Queensburgh. Jina la hifadhi tuliache; wenyewe wapo, na mawakili wao wapo. Bondeni palikuwa na kundi moja la nyumbu, mlimani kundi la pili. Katikati uzio, na kwenye uzio geti la Désiré. Mkewe Mireille alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani wamepata pacha.

Nyumbu wa bondeni walikuwa wanaumwa kwato. Kwato zilioza katikati, zikarefuka, zikajikunja mbele kama viatu vya sultani. Mnyama alichechemea hadi nyasi zenyewe zikamwonea huruma, zikawa zinainama kabla hajazifikia.

Wenye hifadhi wakaunda kamati. Kamati haikuwa na mjumbe mwenye kwato, lakini ilikuwa na keki. Mwenyekiti, Bwana Eddy wa Morningside, aliapa kwamba ni dawa ya magugu wanayopuliza majirani wenye mashamba ya miti. Mjumbe mwingine alisema nyasi zimekosa madini. Wa tatu alisema ni mvua zimezidi, akaomba kipande kingine. Daktari wa wanyama, mama mmoja aitwaye Clara, alisema yeye anashuku vijidudu vinavyokaa kwenye matope, na huenda hayo mengine yanavisaidia. Hana hakika bado. Ila wakati tunaitafuta hakika, alisema, tuoshe miguu. Wakamshukuru sana, wakamkatia keki.

Ndipo likajengwa josho dogo pale getini, karai refu la saruji lililojaa maji ya mrututu, dawa ya kuua vijidudu, bluu kama jicho la paka wa kizungu. Anayetoka bondeni kwenda mlimani sharti azamishe miguu yote miwili mpaka kifundo.

"Asipite mtu mkavu," Clara alimwambia Désiré. "Hata askofu. Akichechemea nyumbu mmoja wa mlimani na tusijue ugonjwa kaupataje, wanapigwa risasi wote, na wenyewe wanauza ardhi."

Désiré alielewa vizuri sana. Hakuna nyumbu, hakuna geti. Hakuna geti, hakuna Désiré. Alielewa, kisha akaenda kutafuta ubao.

Maana mrututu unatia madoa, jamani! Mamba amekufa mara moja. Angemuua mara ya pili? Ubao aliuficha nyuma ya kibanda, na kila alipotaka kuvuka aliuweka juu ya josho, akapita kama bwana harusi kwenye zulia. Mabuti ya mpira aliyopewa kazini alitunzia mkate na mwavuli.

Aliyekoma ni Gadiel, Mtanzania fundi wa uzio, ambaye mabuti yake yalikuwa yameachama mbele kama mtu aliyesikia umbea.

"Zama!" Désiré alimwamuru.

"Si nimezama, ndugu yangu?"

"Zama tena. Buti kama hii, hata vijidudu vinaionea haya."

"Na wewe, Bwana Mamba? Mbona unapita juu?"

"Mimi iko na ngozi, kaka. Wewe iko na mpira."

"Mamba si kwao majini? Mwache mwenzio akaoge kwao!"

Désiré akasonya, akamrudisha mara ya tatu.

Lakini alipotokea Bwana Eddy na viatu vya swedi, laini kama shavu la mtoto mchanga, moyo wa Désiré uliyeyuka. Mwenyekiti alikuwa tayari amekunja suruali, maskini, anaangalia yale maji kama mtu anayepelekwa kunyongwa.

"Non, non, papa, mzee wangu! Hivi haviogi." Akaweka ubao. Bwana Eddy akavuka, na wajumbe wakavuka nyuma yake, matope meusi ya bondeni yakidondoka kutoka kwenye soli zao. Tangu hapo ubao ule ulibeba waheshimiwa wengi kuliko gari la bunge.

Haukupita muda, dume kubwa la mlimani likaonekana limesimama kwa miguu mitatu, mguu wa nne limeuinua kama bibi anayevuka dimbwi.

Kamati ilifika mbio, na gari la wapiga risasi nyuma yake. Bwana Eddy alikuwa karibu kufurahi. "Nilisema mimi! Ni ile dawa ya majirani, upepo umeipandisha. Mlima wote umeshachafuka. Pigeni wote, kisha tuwashtaki!"

Clara alikuwa ameinama njiani, juu kidogo ya geti. "Mlima huu udongo wake mwekundu," alisema. "Haya matope meusi yamepanda na nani? Kama ugonjwa umekuja kwa miguu, tunamtoa dume huyu peke yake, waliobaki tunawachunga. Kama hatujui ulikotoka, gari lile linapanda. Nani amepita mkavu?"

Macho yote yakaenda kwenye mabuti ya Gadiel. Umaskini hautafutwi, unaonekana kwanza.

Gadiel akavua buti moja. Mguu ulikuwa bluu mpaka kifundo, kucha bluu kama wino wa uchaguzi. "Tazameni," alisema. "Mke wangu amegoma kulala upande wa miguu. Na mwenye ubao aseme, kabla sijamsemea."

Bunduki zilikuwa zinashushwa garini. Désiré aliangalia viatu vyake. Akaangalia kibanda chake, akamfikiria Mireille na vigelegele vyake. Akaenda nyuma, akarudi na ubao, matope meusi yamegandamana juu yake kama chokoleti kwenye keki.

"Iko hapa, mama daktari. Mimi nilipita juu. Na papa huyu, na wote hawa."

"Mimi sikumbuki," Bwana Eddy alisema.

"Viatu vyako vinakumbuka, papa." Désiré akafumba macho, akaingia kwenye josho na mamba wake wote wawili. Wanaosema alilia wanamwonea. Alitoa mlio mmoja tu, na nyumbu wa bondeni wakaitikia.

Clara akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe."

"Nina kikao..."

"Hata askofu."

Swedi ile ilitoka majini imenywea kama panya aliyelowa.

Dume lile lilipigwa risasi peke yake, likazikwa na miguu yake yote minne chini ya chokaa. Wenzake wapo mlimani mpaka leo, wanatembea sawasawa, na kila asubuhi Clara anawaangalia miguu. Désiré aliachiwa kazi yake, maana Clara alisema aliyelikwepa josho ndiye atakayewajua wakwepaji. Ubao ulipasuliwa kuni, ukachemsha chai ya Gadiel. Kamati bado inakutana: chanzo hakijapatikana, keki ndiyo imepatikana.

Jumapili Désiré aliingia kanisani akiburuta miguu, mamba wana mabaka ya bluu. Serge alimvuta pembeni kabla ya sala kwisha.

"Mon frère, hii rangi iko ya Paris?"

Désiré alivuta suruali juu kidogo. "Ya Queensburgh."

Jumatano Serge alikuwa getini na wenzake wawili, wamevaa viatu vyao bora, vya ngozi, vya kung'aa. Désiré alitoka kibandani amevaa mabuti ya mpira, akawaonyesha josho kwa kidevu.

"Ingieni. Miguu yote miwili. Mpaka kifundo."