Plagi Moja, Wazee Wawili

Mume wangu Vendelín Bartoněk alikuwa fundi wa mabomba ya maji maisha yake yote ya kazi. Nusu ya bafu za bonde letu hapa Moravia amezifunga yeye. Lakini mgeni akimuuliza yeye ni nani, hujibu kwamba ni mtu wa mawasiliano wa jeshi. Alitumikia miaka miwili tu, akiwa kijana mwenye shingo nyembamba na redio ya upepo mgongoni. Jeshi lilipoziuza redio zile kuukuu, alinunua moja akaiweka kwenye banda langu la viazi, na viazi vikahamia chini ya ngazi.

Kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba wazee waliobeba redio hizo huitana hewani. Mmoja wao hupanda kilima akasoma majina, na kila mtu huitikia kwa redio yake mwenyewe. Asiyeitikia miaka mitatu mfululizo hufutwa kwenye orodha, kwani humhesabu amekufa au amenogewa na televisheni. Vendelín alikuwa amekwisha kukosa miaka miwili. Plagi ya waya wa betri ilikuwa imevunjika meno, na kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa zamani. Nilimwambia akate waya, afunge plagi ya dukani. Alinitazama kana kwamba nimemshauri aende kanisani na kaptura. Kwa watu hawa, waya wa jeshi haukatwi, huvikwa plagi ya jeshi tu.

Basi tukaenda kwenye gulio la mafundi redio, ambako watu hufungua buti za magari alfajiri na kumwaga shehena zao kwenye majani. Kabla sijamaliza soseji yangu, tulifika kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu aliyekuwa na sanduku la mbao la kijani, limejaa plagi za jeshi. Juu kabisa ilikaa ile tuliyoitafuta, meno yote mazima. Nilimwona Vendelín akigeuka haraka na kuanza kukagua mashine ya kusagia kahawa.

Ndiyo desturi yao. Ukionyesha hamu, bei inapanda, kwa hiyo mtu hujitia hamnazo mpaka mchana, muuzaji achoke. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa meza alisimama mwingine aliyejitia hamnazo vilevile, akifungua na kufunga mwavuli mbovu. Alikuwa Metoděj Zapletal wa ng'ambo ya mto, aliyetumikia pamoja na mume wangu. Wiki iliyotangulia alijigamba kwenye simu kwamba redio yake inaimba kama ndege. Walisalimiana kwa ubaridi, kila mmoja akadai amefuata soseji tu. Wakaondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Nilimshauri Vendelín anunue twende zetu. Akaninong'oneza nisimharibie.

Karibu na mchana akaja mama mmoja mwenye buti za mpira, Hedvika Pospíchalová. Hakujitia chochote. Aliuliza bei ya sanduku, kwa kuwa sungura wake alikaribia kuzaa na alitaka mahali pa kumlaza. Muuzaji, aliyekwisha kuchoka kweli, akamwambia achukue pamoja na takataka zilizomo. Akalipa, akalibeba, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka.

Sijawahi kuona wazee wawili wakikimbia namna ile.

"Samahani, mama," Vendelín alisema huku akihema. "Hizo takataka, naweza kukusaidia kuzitupa."

"Nitazitupa mimi," akadakia Metoděj. "Huyu ana mgongo mbovu."

Hedvika akaweka sanduku chini. "Asubuhi nzima nawaona mnalizunguka sanduku hili kama wachumba wanaomwogopa baba mkwe. Mnataka nini? Semeni, sungura wangu hasubiri."

Masikio ya mume wangu yakawa mekundu. "Plagi moja," alisema. "Nisipoitikia mwaka huu, wananifuta."

"Na mimi," akasema Metoděj polepole.

"Wewe? Si ulisema yako inaimba?"

"Inaimba nikiimba mimi, Vendo."

Hedvika alicheka mpaka akashika pipa. Akamwaga plagi zote kwenye majani, akawapa bure, akawaamuru wambebee sanduku hadi kwenye gari. Waliporudi wakapiga magoti kupekua. Zilikuwa za kila aina, lakini ile yao ilikuwa moja tu. Wakaketi wakiitazama, hakuna aliyenyoosha mkono.

Niliwauliza majina husomwaje. Kwa alfabeti, wakasema. Basi, nikasema, Bartoněk yuko mwanzoni na Zapletal yuko mkiani. Leteni redio zote mbili kwangu. Wakabishana njia nzima kama ni halali, mpaka wakakubaliana kwamba sheria inataka redio yako mwenyewe, haisemi neno juu ya plagi.

Siku ilipofika, redio mbili zilikaa kwenye meza ya bustani na betri katikati. Jina la Vendelín likaitwa, akaitikia. Kisha hakutaka kunyamaza. Akaanza kuwasimulia habari za mvua na viazi, majina yakasimama yakimngoja. Nikachomoa plagi.

"Mwanamke, bado nazungumza!"

Nikaisukuma kwenye redio ya pili. Haikuingia. Kule kilimani bila shaka walikuwa wamerudi kwenye majina yao, na hatukuweza kusikia wamefika wapi.

"Izungushe, shemeji," Metoděj akasema, jasho likimtoka. "Sukuma halafu uzungushe."

Ikaingia, ikashika. Sauti ikatoka mara moja: "Zapletal. Narudia, Zapletal."

"Zapletal nipo!" akapiga kelele, ambazo redio haikuzihitaji.

Kilimani wakacheka. "Vizuri. Na kama uko karibu na Bartoněk, mwambie tumeandika yu hai. Viazi atatumalizia mwakani."

Plagi sasa inakaa kwenye droo yangu ya vijiko. Anayeitaka, anakuja kuniomba.