Barua Niliyoificha Imegusa Kihamba cha Mama Mkwe

*Mfuasi wetu wa Moshi ametutumia haya. Majina tumeyabadilisha. Msomeni kwanza ndipo mseme.*

Admin, naomba unifichie jina, na picha yangu ya wasifu isionekane kabisa. Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja wa kike, tumepanga chumba na sebule hapa Majengo. Mimi si Mchaga. Baba yangu alikuja huku kutoka Singida kukata miwa, nikazaliwa kwenye nyumba za kampuni ya sukari. Mume wangu ni fundi seremala, kwao ni Uru, huko juu mlimani. Nilipoolewa shangazi zake walininunia, eti kijana wao kaleta mtu wa kuja. Mama yake ndiye aliyenyanyuka akasema, "Huyu ni mwanangu. Asiyemtaka asikanyage kihambani kwangu." Kihamba ndilo shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Tangu siku hiyo nampenda yule mama kama aliyenizaa.

Kabla sijajifungua nilikuwa karani wa masijala kwenye kampuni moja yenye mashamba makubwa ya kahawa. Kampuni ikafilisika. Akateuliwa mfilisi, yaani yule anayekusanya mali na kuziuza, nasi tukaambiwa tumwandalie hati zote za mashamba. Katika kupanga majalada nikakuta barua ya zamani, ina mhuri na sahihi, inasema kampuni imerudisha kitalu fulani kwa familia zinazokaa pale na kisihesabiwe tena kuwa mali yake. Kitalu kimeandikwa kwa namba tu. Nikampelekea meneja. Akaisoma mara mbili, akafunga mlango. "Hii ikionekana itakwamisha mauzo. Ichane. Mnunuzi anatafuta karani, na jina nitakalompa ni lako."

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikasema sawa, bosi. Ila sikuichana, niliogopa kuchana kitu chenye mhuri. Nikaipeleka nyumbani nikaificha chini kabisa ya sanduku la nguo. Mali zikauzwa, na kile kitalu kikauzwa pamoja nazo. Mimi nikapata kazi kwa mnunuzi, na ndipo nilipo mpaka leo.

Miezi mitatu iliyopita wapima ardhi walipanda Uru wakachomeka vigingi katikati ya migomba ya mama mkwe. Kimoja kiko hatua chache tu kutoka kaburi la baba mkwe. Mume wangu akarudi na picha ya notisi kwenye simu. Nilipoona namba ya kitalu ni ile ile ya kwenye barua, nikakaa sakafuni. Akadhani namwonea uchungu mama yake. Akaniletea maji.

Familia kumi na mbili zimefungua kesi. Wazee wanasema barua ilikuwepo, waliiona kwa macho yao, lakini aliyekuwa anatunza nakala yao alifariki na haijulikani aliiweka wapi. Kampuni iliyonunua inasema hakuna barua, nao wanaamini kuna mtu kaificha nakala ya kampuni. Na shahidi wa kampuni ni mimi! Nyumbani wanajua nafanya kazi kule, ila niliwaambia hati za mashamba hazikupita kwangu. Jumatatu bosi mpya aliniita, akanivutia kiti, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Mama, majalada ulipanga wewe. Barua ya namna hiyo haikuwepo, siyo?" Nikaanza kunyanyuka. "Basi Ijumaa wakili ataleta kiapo chako, utasaini tu." Nimefika mlangoni akaongeza, "Mtoto hajambo? Bado anashinda kwa yule dada wa nyuma ya msikiti?"

Jamani, sijawahi kumwambia yule mtu mtoto wangu anashinda wapi.

Siku hiyo hiyo mume wangu akaja kutoka kikao cha ukoo. "Wameamua kuvunja chungu Jumamosi." Mimi nilikuwa nasikia tu watu wakitishana hivyo, nikamuuliza maana yake. Akasema, "Wazee wanataja kosa, wanakipasua, na aliyeficha barua anaanza kuisha yeye na kizazi chake. Chungu hakichagui mkubwa wala mtoto." Mimi ni Mlutheri, najua kanisa linasema nini. Lakini alipotamka kizazi, mtoto alikuwa mapajani kwangu anakula ndizi, nikamvuta kifuani. Wao wanadhani mwizi ni mtu wa mbali. Hawajui watakuwa wanamlaani mjukuu wao.

Nikajikaza nimwambie. Nikaanza, "Baba Neema, ile barua..." Akanikata, "Aliyeificha nikimjua, mke wangu, sijui nitamfanya nini." Nikageuza maneno, nikamwambia chakula kiko tayari. Jana mtoto akapata homa kidogo, nikakimbia naye hospitali. Daktari akasema ni mafua tu. Sikumwamini.

Leo asubuhi mama mkwe akapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Sikia, nipitie sokoni uninunulie chungu cha udongo, kisiwe na ufa. Nisingependa kumtuma mtu mwingine. Siku hizi hujui nani ni nani, lakini wewe nakuamini." Nikaitikia ndiyo mama. Nikaenda. Muuzaji akanifungia kwenye gazeti, akaniuliza nakwenda kupikia nini. Nikalipa nikaondoka. Hapa ninapoandika kiko miguuni kwangu.

Najua nimekosa, hata mkinitukana mna haki. Nikiitoa barua naogopa jela, na zaidi namwogopa yule bosi. Nikinyamaza, Ijumaa nitaapa uongo, na Jumamosi nitapanda Uru kumkabidhi mama chungu cha kumwangamiza mwanangu. Kama humu kuna mwanasheria, au mtu aliyewahi kukiri jambo zito kama hili na ndoa yake ikabaki, naomba anishike mkono. Nianze kumwambia nani? Fanyeni haraka ndugu zangu, leo ni Jumatano.