Joto la Chumba cha Mama

Mtaa mzima walimwita Kiguu, kwa vile hakujua kutulia. Alikuwa fundi umeme mzuri, Mungu alimjalia mikono, ila roho yake ilikuwa juujuu siku zote. Bisibisi ataisahau kwa huyu, tesita kwa yule. Mkewe alizoea kumwambia, "Wewe hata kivuli chako kinakutafuta."

Siku hiyo ya baridi kali, mama mkwe wake alikuwa anatoka hospitali. Kifua bado kilimsumbua, na daktari alikataza asilale penye baridi. Dada mkubwa wa mkewe, mwenye gari, alishasema wazi: akikuta chumba hakina joto, mama anakwenda kwake. Na mama mwenyewe alikuwa amelilia kukaa kwa binti yake mdogo.

Sasa mashine ya ukutani, ile inayoleta ubaridi msimu wa joto na joto msimu wa baridi, ilikuwa inanguruma tu, feni haizunguki. Kiguu alifanya kama afanyavyo daima kabla ya kugusa waya: alichomoa fyuzi ya mashine akaitia mfukoni mwa shati, asije mtu akawasha huku mikono yake imo ndani. Akafungua kifuniko. Waya mmoja wa feni ulikuwa umelegea, ncha imeungua. Akaikata ile ncha, akaumenya waya upya, akaukaza barabara. Akamshukuru Mungu, akabonyeza swichi.

Kimya. Hata ule mngurumo haupo tena.

"Mama yangu, nimeiua!"

Jasho likamtoka katika baridi ile ile. Tesita ingemwambia kama umeme unafika, lakini ilibaki kwa mteja wa jana. Akafungua tena, akalegeza, akakaza. Akapanda kiti, akashuka, akachungulia dirishani, akapanda. Simu ikalia, ni mkewe aliyekwenda kumchukua mama.

"Baba watoto, tunakata kona. Pana joto?"

"Linakuja," akajibu, na moyo ukamsuta, kwani hakuzoea kusema asilo na hakika nalo.

Mara mlango ukafunguliwa. Mama aliingia ameshikwa na binti zake huku na huku, wakamkalisha kitandani. Dada mkubwa akanyoosha kiganja hewani kama anayepima mvua.

"Baridi tupu! Mama, usivue viatu. Twende zetu."

"Dada, mpe nafasi kidogo," mke wa Kiguu akasema.

"Nafasi gani? Shemeji huyu hata akiwa amekaa anatembea!"

Kiguu alishaanza kukikwea kiti.

"Mkwe," mama akaita polepole, "hata salamu?"

Aibu ikamshika. Akashuka, akamwendea, akainama sana mbele yake. "Shikamoo, mama."

Kitu cheupe kikamponyoka mfukoni, kikaangukia mapajani pa mama. Akakiokota, akakigeuzageuza.

"Marahaba, baba. Hii ndiyo zawadi ya mgonjwa?"

Fyuzi! Kiguu akaipokea kwa mikono miwili, akakimbia kuipachika. Mashine ikanguruma, feni ikakwaruza kidogo, kisha ikazunguka, na hewa ya vuguvugu ikashuka mpaka kitandani.

Mama akafumba macho, midomo ikicheza kwa dua. Kisha akamnyooshea binti mkubwa miguu. "Nivue viatu, mwanangu. Nimefika."

Kiguu alikuwa tayari mlangoni, anaifuata tesita yake.

"Na wewe," mama akasema, akimwonyesha kile kiti, "kaa."

Akakaa. Goti lake moja tu ndilo halikusikia amri, likaendelea kutikisika.