Moshi wa Mzee wa Kanisa

Juzi hapa Kasulu, mkaguzi alikuja kuangalia kama kiwanda kidogo cha sabuni cha jirani yangu kinachafua mazingira. Mama wa watu angeshindwa ukaguzi huo, angempoteza mnunuzi wake mkubwa.

Kabla hajafika, mimi, mzee wa kanisa, nilijitolea kufagia uwanja wa mama, maana kwetu ni aibu mgeni akute takataka. Nikazichoma zote, na chupa za plastiki humo humo. Mkaguzi akashuka kwenye bodaboda akiziba pua.

"Mama, moshi huu mweusi ni wa kiwanda?"

"Hapana, baba. Jiko langu la sabuni hata sijaliwasha. Huo ni wa mzee wa kanisa."

Alikagua kote, akampa mama mkono: amefaulu. Kisha akanigeukia.

"Na huyu mzee, anakaguliwa na nani?"

Nilitaka kujibu, "Na Mungu," ila kikohozi kikanibana.