Oveni Isiyo na Tundu

"Hii jiko mliniuzia haina tundu!" Nilipiga kelele hivyo katikati ya duka huko mjini, mtoto mgongoni, wateja wote wakageuka. Nilikuwa nimelileta kutoka Waithaka kwa pikapu ya kukodi, na subira ilikuwa imeniisha.

Mtoto alikuwa anatimiza mwaka, nami nilikuwa nimemwahidi mama mkwe keki ya kuoka mwenyewe. Tangu tununue jiko hilo, oveni ilikuwa kabati la sufuria, kama kwa majirani wote. Nilipozitoa nikajaribu kuiwasha, ilikataa. Nikampigia muuzaji simu. "Mama, angalia chini, kuna tundu. Weka kiberiti hapo." Niliangalia, nikapapasa, sikuona tundu.

Sasa muuzaji huyo akaunganisha mtungi wa gesi wa dukani, akainama, akashika pembe ya sakafu ya oveni na kuivuta. Ikatoka yote. Ilikuwa kapeti ya plastiki ya kijivu, niliyoikata mimi mwenyewe ili sufuria zisikwaruze oveni yangu mpya, kisha nikasahau. Tundu lilikuwa chini yake. Akasogeza kiberiti, moto ukashika mara moja.

"Na hiyo kapeti ilitoka nayo kiwandani?" mama mmoja akauliza. Watu wakacheka hadi mtoto akaamka.

Muuzaji alikuwa ameshafungua kitabu cha malalamiko. "Haya madam, tuandike shida gani?"

Ningesema pole, yaishe. Lakini nilichukua kalamu, uso ukiniwaka kwa aibu, nikaandika: "Mlango wa oveni ni mgumu kufunga." Nikatia sahihi.